Fundi Kulwa Alituonya, Nasi Tukacheka

Bi Zaina mpendwa,

Naomba unisaidie, dada yangu, maana neno hili nimelibeba peke yangu tangu mume wangu azikwe na sasa limenishinda, nami naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu sitaki mtu wa nyumbani alijue kabla sijapata shauri lako. Sisi ni Wazaramo wa hapa Bagamoyo, na mwaka jana marehemu aliuza shamba la minazi ili tuhamie mjini karibu na msikiti, akaona nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa mpya, inapendeza, na kabla ya kuinunua akamwita fundi Kulwa aje aikague, kwani hapa kwetu hakuna anayemshinda kwa kuijua miti ya nyumba. Kulwa ni Mnyamwezi, babu yake alikuja na misafara ya pembe za ndovu akabaki huku, basi ni mtani wetu, na wewe unajua Wazaramo na Wanyamwezi tunavyotaniana, hatuachani hata msibani.

Siku hiyo alipanda juu, akagonga boriti, akachoma kisu, kisha akashuka akasema mbele ya watu waliokaa barazani, na muuzaji yupo, "Nunueni, watani, nunueni upesi. Boriti ikiwaangukia tutakuja kuwazika, tule ubwabwa, na kanzu ya bwana huyu nitaichukua mimi." Tulicheka hata machozi, mume wangu akamwambia kanzu yake haitoshi tumbo la Mnyamwezi, na muuzaji akacheka kuliko sisi sote. Jioni Kulwa akaja kwangu, mume wangu hayupo, akasimama uani, na safari hii hakuniita mtani, aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa, akasema, "Mwambie baba watoto ile nyumba aiache. Miti imeliwa kwa ndani." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa utani kwamba anataka tuiache ili ainunue yeye, amechoka kupanga. Akanitazama, akaaga, akaenda zake. Mume wangu sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha kuipenda ile nyumba.

Masika iliposhika boriti ilikatika mchana, yeye amejilaza baada ya sala, mimi niko uani nachambua mchele, na tulipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Msibani Kulwa alikuja akachimba kaburi na wenzake, hakutania hata mara moja, na alipopewa kanzu ya marehemu kama ilivyo ada ya watani aliirudisha. Kaka yangu akaniuliza mbele za watu, fundi aliyekagua alisemaje, nikaogopa, nikasema zaidi ya mzaha hakutuambia kitu. Kulwa alikuwapo, akasikia, akanyamaza. Waliokuwa barazani siku ile nao wanakumbuka mzaha tu, basi wote wakasema ni fundi gani huyu anayecheza na roho za watu. Tangu hapo hakuna anayemwita kazini, na nasikia anauza vyombo vyake ahamie Lugoba.

Mimi nimo edani. Nikisema sasa, wakwe zangu wataniona ndimi niliyemwua mtoto wao, nami nafikiri ningoje eda iishe kwanza. Na kuna jambo la pili, vyumba viwili vya nyumba hiyo vimesalia, ndimo ninamokaa na wanangu, na kaka ameleta fundi mwingine, mtu mpole, akatazama juu kutoka mlangoni, akanywa kahawa, akasema ni vizima kabisa. Natamani kumwamini, lakini sipati usingizi. Mtu atamjuaje fundi wa kweli?

Mjane, Bagamoyo

JIBU

Mama, pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mumeo. Barua yako imeniliza, kisha imenikasirisha, na nitakujibu kwa hasira yangu hiyohiyo.

Unauliza fundi wa kweli anajulikanaje, naye ndiye aliyesimama uani kwako akakwambia usiyotaka kusikia. Mtani aliyeacha utani, akakuita kwa jina la mwanao, ulidhani amefuata nini? Naye alikosea pia, jambo la roho hakupaswa kulisema barazani kwa kicheko, tena mbele ya muuzaji. Lakini alijirudi siku ileile. Wewe mpaka leo hujajirudi.

Mumeo hukumwua. Kosa kubwa ni la yule aliyeficha mchwa kwa chokaa, na ndugu wa mumeo wakitaka kumlaumu mtu wamtafute huyo. Kulwa ndiye unayemmaliza wewe, tena ukiwa macho.

Eda usiifanye kisingizio. Imekukataza kujipamba na kuolewa, haikukukataza kusema kweli. Mwite kaka yako leo, mweleze yote, hata ile ya kuipenda nyumba. Kisha awaite wakwe zako na watu waliokuwapo msibani, na Kulwa awepo, nawe useme kwa sauti yako ukiwa ndani, nyuma ya pazia. Watakulaumu, nawe utalia. Vumilia. Jina lako nimelifuta, lakini jina la fundi nimeliacha kama ulivyoliandika, kwa makusudi, ili Bagamoyo wasome kwamba alionya.

Na huyo mpole wa kaka yako mwambie asante kwa kahawa. Aliyekagua paa akiwa mlangoni hakukagua. Anayefaa hupanda juu nawe unaona, anakupa kisu uchome mwenyewe, hana undugu na muuzaji, na halafu unamuuliza faraghani, pasipo mtu wa kumfurahisha. Akikwambia neno chungu, mpe kiti aliseme lote.

Ndani ya hivyo vyumba viwili hata usiku mmoja zaidi msilale. Kuhusu kuhama edani muulize shehe wako, naye sidhani atakutaka ukae chini ya boriti iliyooza. Nenda na wanao kwa kaka yako. Ukishamwomba Kulwa radhi mbele za watu, mwombe, kama atakubali, apande tena juu ya nyumba hiyo, na akisema ibomolewe, ibomoleni.