Ule Mtumbwi wa Ruzizi

Yaya Mugisho, kaka yangu mkubwa,

Miaka kumi imepita tangu Jumamosi ile tulipokwepa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, wewe na mimi, tukashuka hadi mto Ruzizi na hema uliloazima kwa mwalimu wako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na miwili. Tulipiga hema juu ya jiwe bapa, pale mto unapotulia kabla ya kuingia kwenye korongo. Ulikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, ukaziunguza, ukanilazimisha niseme ni tamu.

Asubuhi mvuvi mmoja alituachia mtumbwi wake. Ukanifundisha kupiga kasia.

“Kaa chini, mutoto,” uliniambia. “Mutumbwi haiko kiti ya salon.”

Nikaona wasichana wawili wa darasa langu wanafua ng'ambo. Nilitaka wanione. Nikasimama, nikapunga mkono.

Nakumbuka baridi ya maji. Nakumbuka mkono wako ukinisukuma juu ya jiwe, kisha mkondo ukakuchukua, ukakugonga kichwa kwenye mwamba. Mvuvi ndiye aliyekutoa. Uliishi siku mbili hospitalini. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Watu walipouliza, nilisema, “Ni maji.” Kwenye matanga walinipa chai, nikanywa.

Tangu hapo sijalia, Yaya. Nimemaliza shule, nachapa barua katika ofisi moja ya mtaa wa Muhumba, jioni narudi kwetu Nyalukemba. Watu husema mimi ni mtulivu. Si utulivu. Ni kama mguu uliokufa ganzi: naukanyagia, siusikii.

Jana nilimkuta Maman anachambua maharagwe. Nikamwambia, “Maman, haikuwa maji. Ni miye nilisimama mu mutumbwi.”

Mikono yake ikatulia.

“Mugisho aliniambia ni yeye,” akasema. “Kule hospitali. Alinishika mukono, akaapa: Maman, ni miye nilisimama, mutoto alikuwa amekaa.”

Akaokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

“Nilimukasirikia miaka yote hii. Ujinga yake iliniua. Sikumuombea hata misa moja.”

Akaacha maharagwe, akajifunga kitenge, akaenda paroasi kumwomba padri misa. Mimi nikabaki, nikamaliza kuyachambua. Nilingoja machozi. Hayakuja.

Misa yako ni Jumapili, saa moja asubuhi. Maman amesema jina lako litasomwa la kwanza. Nitakuwa kando yake.

Pumzika, Yaya.

Mdogo wako