Chumvi ya Mama Mukubwa

Yaya Solange mupendwa,

Sijamwambia muntu yeyote: jana nilimwaga kwa makusudi sufuria ya samaki ya Mama Mukubwa, pale kwenye mbabula ya makaa. Wanasema mikono yangu ni mizembe. Niliokota samaki mumoja mumoja, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Munganga wa hospitali alisema kwa Kifaransa, mimi nikawatafsiria Mama na Mama Mukubwa: mishipa inayopeleka damu kwenye figo za Mama imekuwa myembamba, njo maana tansio yake, presha ya damu, inapanda hata akimeza dawa. Chumvi aiache. Mama Mukubwa akaitikia, "Tumesikia, Docta." Kufika nyumbani, akatia kiganja kizima cha chumvi kwenye mikebuka, wale samaki wa ziwa!

"Mudogo wangu ametoka Kongolo, nimupe chakula cha hospitali? Majirani watasema namunyima!"

Na Mama wetu, kwa kuona haya, anamaliza sahani. "Aksanti, yaya, ni tamu." Miguu yake imevimba mpaka viatu havimuingii. Wote wawili wananikasirisha. Figo zinajua heshima ya wageni?

Ziwa la huku kwa Mama Mukubwa ni zuri, lakini siliangalii. Nataka Mama arudi muzima, basi. Umupigie Mama Mukubwa simu, umugombeze. Wewe anakusikiliza, mimi ananiambia, "Kaa kimya, mutoto."

Umubusie Papa, na Mungu awalinde mpaka tuonane. Nasikia kandambili za Mama Mukubwa zinakuja, na harufu ya mikebuka imemutangulia mulangoni. Naficha kadi hii ninayokuandikia chini ya muto.

Espérance wako