Mafuta ya Jua Niliyoyafanya ya Kanisani

Nkoma, Itilima,
21 Julai 2024.

Mpendwa dada Justina,

Mwangaluka dada. Umeamkaje huko Mtwara, na ile miguu imeacha kuvimba? Sisi tunapumua tu. Mama anakula vizuri, ila anakudai picha ya wajukuu.

Pamba tumechuma nusu. Mgongo umekataa, na mke wangu Violeth siku hizi anaamka akiwa ameshachoka.

Dada, kilichonikalisha niandike ni mwanangu Nyamizi, na yale makopo mawili uliyomtumia kwa ajili ya ngozi yake ya ualbino. Ulipiga simu ukaeleza, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini lile jeupe, zito, uliposema ni la bei, nikaamua liwe la kanisani na la kwendea Bariadi. La shambani likawa lile la glisirini. Linanukia vizuri, na ngozi ililainika kweli. Nikajiona baba mwenye akili.

Sasa sikio lake la kushoto limetoka kidonda, wiki ya tano hakijapona. Kliniki Bariadi daktari aliyashika makopo yote mawili. Glisirini, alisema, kazi yake ni kushika unyevu ngozi isikauke, basi. Jua linapita kama vile hujapaka kitu. Lile jeupe lina zinki, ndiyo inayozuia jua. Anatakiwa apake kila siku, akiwa nje arudie kila baada ya saa mbili, na kofia juu. Ndani ya kanisa kuna jua gani, dada? Nilikosa hata pa kutazama.

Wamekata kinyama kwenye kidonda, kimepelekwa Mwanza kupimwa. Majibu ni baada ya wiki mbili. Shambani haendi tena, na pamba ikidondoka, idondoke.

Ila kinachonila ni kingine. Daktari aliuliza nani aliamua kupaka hivyo. Sijafungua mdomo, Nyamizi akasema, "Ni mimi, nilikuwa nasahau." Ana miaka kumi na tatu. Mimi nikanyamaza. Tukarudi nyumbani, mama yake akamgombeza mpaka akalia, nikanyamaza tena. Naona aibu, dada, na nimechoka nayo.

Msalimie shemeji Thomasi na binti yetu Gloria. Mungu awashike mkono huko mliko. Naishia hapa, nikawaite Violeth na Nyamizi niwasomee barua hii kabla sijaifunga.

Mdogo wako akupendaye,
Paschal