Mkaa Ukutani

Mama, shikamoo. Ndizi zako nazitamani sana. Huku Kilwa ni wali kila siku, na jua halina huruma.

Kutwa nachokoa vipande vya mkaa kwenye kuta za msikiti wa kale. Fundi wa enzi hizo alichoma chokaa kwa kuni, hakuichekecha vizuri, mkaa ukabaki ndani. Mtaalamu wetu anasema ukipimwa utaonyesha kuni zilikatwa lini, ndipo tujue msikiti ulijengwa lini.

Nikamkumbuka mdogo wangu Baraka. Kabla ya kwenda vitani alikandika nyumba yetu ya kijiji kipya, nawe ukamgombeza kwa kuacha mkaa kwenye udongo. Kwangu hajaandika bado. Kwako je?

Wasalimie wote Kasulo. Mkikandika upya, Mama, ukuta wa Baraka msiuguse.

Mwanao, Leonsi