Siku Bodi Ilipokaa Kwenye Viti vya Wasomaji

Alhamisi. Baridi ya Agosti, wingu limelala juu ya mabati ya mtaa wetu wa Ziwani tangu asubuhi na halina haraka ya kuondoka. Nimevua viatu vya mkutano, nimejifunga leso, na chai imepoa mbele yangu bila kuguswa.

Nina hasira. Nimejaribu kuiita uchovu, imekataa.

Mimi ni mwanabodi wa maktaba za umma. Bado naona haya kidogo kuandika hivyo, maana hadi nilipostaafu nilikuwa karani tu mahakamani Makadara, na wenzangu kwenye bodi ni watu wa suti ambao madereva huwasubiri nje. Waliniingiza mwaka jana kama mwakilishi wa wasomaji. Bodi yetu ina mtindo wa kuzunguka: kila kikao hufanyika kwenye maktaba tofauti, ili tujionee hali kwa macho yetu. Ni wazo zuri. Mimi mwenyewe nililisifu sana nilipolisikia mara ya kwanza, na leo ilikuwa zamu ya maktaba ya mtaa wangu.

Nilipofika nilikuta lango limefungwa. Wanafunzi walikuwa wameketi nje kando ya ukuta, vitabu magotini, na kati yao nikamwona Nafula, binti wa jirani yangu. Yuko kidato cha nne. Baba yake anafanya zamu ya usiku kiwandani Baba Dogo, kwa hivyo mchana analala, na nyumba yao ni chumba kimoja. Shule zikifungwa, watoto wa nyumba ile hutembea kwa ncha za vidole hadi jioni, na pazia halifunguliwi. Nafula hana mahali pengine pa kusomea ila pale maktaba, na mtihani umeshabisha hodi.

Askari wa lango alinifahamu, akanifungulia mimi peke yangu. Nikaingia. Nilidhani wangefunguliwa tukishatulia.

Hawakufunguliwa.

Ukumbi wa kusomea ulikuwa unang'aa hadi mtu anaogopa kukanyaga. Meza zilizochorwachorwa na vizazi vya wanafunzi zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, na juu yake maua ya plastiki na chupa za maji. Tulikaa upande mmoja. Upande wa pili vilibaki viti vitupu, vimepangwa vizuri, vikitutazama.

Sasa sikiliza hii. Ajenda kubwa ilikuwa ni kuufanya ukumbi ule uwe wa kukodishwa Jumamosi na wakati wote wa likizo, kwa harusi na mikutano ya vyama. Mwenyekiti, bwana mmoja mpole wa sauti, alisema amezunguka maktaba hizi miaka yake yote kwenye bodi na kila anakokwenda anakuta hali ni ile ile. Akaonyesha vile viti kwa mkono. Alisema inamuuma kuona jengo la umma likikaa bure, na kwamba vijana wa siku hizi wanasoma kwenye simu. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mtu yule hajawahi kumwona msomaji hata mmoja, kwa sababu popote bodi inapokwenda, wasomaji hutolewa kwanza.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia, yeye akageuka dirishani. Akauliza wale vijana waliokaa ukutani wanangoja nini, na kama askari anaweza kuwasogeza ili magari yapate njia ya kutoka.

Nikasimama. "Mwenyekiti, hao ndio wasomaji."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Naye akatabasamu. "Sasa Mama Kioko, kama ni wasomaji, mbona wako nje?"

"Kwa sababu sisi tuko ndani."

Hakuna aliyecheka tena. Nilifikiri nimewapata. Mwenyekiti akaandika kitu, akanishukuru kwa mchango wangu, akasema nikumbuke kuuleta tena kwenye mengineyo, mwisho wa ajenda. Kisha akauliza nani anaunga mkono pendekezo la kukodisha ukumbi. Mikono ikapanda. Mmoja aliyeinua wake alikuwa bado anafunga kifuniko cha chupa yake ya maji. Nilipinga peke yangu, na pendekezo likapita.

Tulipofika kwenye mengineyo, harufu ya kuku ilikuwa imeshaingia ukumbini. Mtu akasema chakula kisipoe, na hoja yangu ikaishia hapo.

Na nilikula. Niliandike hilo pia, maana shajara ya kujisifu haina faida. Nilikula paja la kuku juu ya meza ambayo Nafula husomea Kemia, na lilikuwa tamu, na nilitamani kulirusha ukutani.

Baadaye nilimvuta kando Bwana Mutiso, msimamizi wa maktaba, nikamwuliza ni nani aliyemwagiza afunge. Nilitaka jina la mtu. Nilikuwa nimeshamnolea huyo mtu ulimi. Mutiso akatazama sakafu aliyoipiga deki kwa mikono yake. Akasema hakuna aliyemwagiza. Alikuta hivyo, na maktaba zote hufanya hivyo.

"Mama, wageni wakija nyumbani, si watoto hutoka nje kwanza?"

Ndivyo tulivyoishi sote kwenye vyumba hivi vya Ziwani. Mgeni akipiga hodi, kitanda kinavutiwa pazia, stuli zinapanguswa, watoto wanaambiwa waende wakacheze. Sisi tulifanya hivyo kwa kuwa hatukuwa na nafasi. Maktaba ina nafasi. Na hata nyumbani, sijawahi kumsikia mgeni akimaliza chai yake na kutangaza kwamba nyumba haina watoto, kwa hivyo chumba kikodishwe.

Hasira yangu haikupata mtu wa kumwangukia. Inazunguka tu humu ndani.

Baada ya chakula, kabla ya kufunga kikao, mwenyekiti aliuliza kijacho kifanyike wapi. Wenzangu wakaanza kuangalia simu. Nikasema hapa hapa. Akafurahi, akasema kuku wa huku ni mtamu. Hakujua kilichokuwa kichwani mwangu. Miaka yangu mahakamani ilinifunza kitu kimoja: kumbukumbu za kikao lazima zithibitishwe na kikao kinachofuata, na kwenye bodi yetu azimio halianzi kufanya kazi kabla ya hapo, kwa hivyo bado linaweza kupinduliwa. Nilimwambia Mutiso siku ya kikao hicho asifunge lango. Akaniuliza itakuwaje wakikasirika. Nikamwambia aseme ni mimi, na wenye hasira watapanga foleni nyuma yangu.

Nilitoka na wa mwisho. Nafula alikuwa bado pale, kola ya sweta ameivuta hadi masikioni, vidole vimekauka kwa baridi.

"Mama Kioko, mmemaliza? Tunaweza ingia sasa?"

Nikamwambia waingie. Akakunja kitabu, akaangalia beji yangu ya bodi ambayo nilikuwa nimesahau kuivua.

"Kwani mlikuwa mnaongelea nini hiyo yote?"

"Tulikuwa tunawaongelea nyinyi."

Hakuwa na hasira hata chembe, alitaka tu kujua.

"Na mbona hamkutuita?"

Nimerudi nyumbani na swali hilo, na ndilo limepoza chai. Kikao kijacho nitakuwa pale kabla askari hajashika kufuli. Wasomaji wataingia kwanza, kila mmoja kwenye kiti chake, na vitambaa vyeupe vibaki kabatini. Viti visipotosha, bodi itasimama.