Doa Kwenye Jiwe la Sinki Lako

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unajitia ushujaa na kulala bila blanketi? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, nalo umelizoea. Shemeji yako ana kikohozi anachokiita kidogo. Anasema hivyo tangu mwezi uliopita, nami simwamini.

Nilikuahidi kukutunzia bafu lako mpaka utakaporudi, kwa hiyo lazima nikueleze habari za lile jiwe la graniti la sinki. Keti kwanza.

Mwezi wa tano niliona doa karibu na bomba, kubwa kama kisahani. Jiwe zima linang'aa, pale pamefifia. Nikainama na tochi, nikaona jingine pembeni. Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo, unanijua. Usicheke.

Nilianza na shemeji yako, kwa sababu hunyoa ndevu popote penye kioo. Aliapa. Nikaukagua wembe wake, nikaukuta mkavu. Nikamfikiria fundi aliyeliweka lile jiwe, maana mtu anayepiga mluzi saa zote za kazi ana jambo analificha. Mwisho nikabaki na mama anayetufanyia usafi, yule uliyempa jina la Polepole. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikawa naingia bafuni kila anapotoka, napitisha kidole juu ya jiwe, nanusa kitambaa chake. Hata chupa ya dawa ya choo niliichora mstari kwa kalamu nione kama anaimwaga juu ya jiwe. Haikupungua. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku: huyu mjanja, analeta yake kutoka kwake.

Polepole ametufanyia kazi miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyekuuguza ulipopata tetekuwanga. Pamoja na hayo nilimwambia asirudi tena. Hakubisha. Alikunja aproni yake, akaiweka kitini, akaenda zake. Nami nikasema moyoni, ingekuwa mimi, nami sina kosa, ningepiga kelele.

Kisha nikalifunga bafu, ufunguo nikauvaa shingoni. Hakuingia mtu ila mimi, kila asubuhi, kulipangusa jiwe kwa siki na ndimu, kama nilivyokuwa nikifanya tangu uondoke, na kama Mama alivyotufundisha kusafisha kila kitu nyumbani, kuanzia sufuria mpaka vioo. Baada ya wiki tatu madoa yalikuwa matano.

Mdogo wangu, niliketi pale nikawahesabu walioingia. Nikahesabu tena. Nikalishuku mpaka dirisha.

Ikabidi nimwite yule fundi wa mluzi. Alidondosha maji kidogo juu ya jiwe, tukangoja. Jiwe likayanywa, pakawa peusi. Akasema ile kinga anayoipaka juu ya graniti isinywe maji imeliwa. Halafu akachukua kitambaa changu, akakinusa, akaniuliza kama huwa tunatengenezea saladi bafuni.

Kumbe jiwe hili halitaki ukali. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini, kisha ulikaushe, maji yasilale kuzunguka bomba. Kitu chochote kichachu ni marufuku, na kinga ipakwe upya kila mwaka. Ameshaipaka. Alama mbili zimebaki, na amenikataza kuzigusa.

Siku ileile nilikwenda kwa Polepole. Nilimkuta anaanua nguo. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi, na nililia, sikufichi. Akaniacha nimalize.

"Dada, mimi lile jiwe nilikuwa naliosha kwa maji na sabuni tu," akasema. "Siki yako niliiona siku nyingi. Na lile doa lilianza ulipoanza kuipaka."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Miaka kumi na mmoja, mdogo wangu, na mtu anaona heri afukuzwe kuliko kuniambia neno. Naona aibu.

Anarudi kesho, kwa sharti moja: akitoka bafuni, nisiingie nyuma yake kukagua. Nimekubali.

Wasalimie sana shangazi na mumewe, na yule binamu mrefu mwambie aandike hata mstari mmoja. Shemeji yako anakusalimu, na anakohoa. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nawe mwandikie Polepole, umwambie tunampenda, maana akiambiwa na mimi hatasadiki haraka. Barua yake ifunge kwa gundi, kila upande. Najijua.

Wako akupendaye,
Dada yako mkubwa