Kikohozi cha Anord

Iyunga, Mbeya
9 Agosti, 2024

Mpendwa kaka Liberatus,

Hujambo wewe na wifi Matilda? Mgongo wako umepona? Sisi huku tunaamka, tunakula kidogo, siku inapita. Mama alikuwa nami tangu msiba, Jumapili karudi Tosamaganga.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nikianza kulia na wewe unalia, tunakata bila kusema kitu.

Wimbo wa bendi yenu ya huko Marekani uliotuma tumeusikia. Mnapiga vizuri. Shemeji yako Shedrack akasema, "Hawa Wamarekani magitaa hayana hata spika, utadhani na wao wamekatiwa umeme!" Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike mwanangu.

Halafu humo humo kwenye wimbo nikasikia sauti yangu. Ni ile siku ulipokuja likizo, napepeta maharage huku namwimbia Anord mgongoni, wewe umeweka simu kwenye stuli unarekodi. Nilikuruhusu, sikatai. Lakini katikati pale anakohoa. Tulidhani ni baridi ya Juni, nikamwongezea kitenge. Kumbe ndiyo nimonia ilikuwa inaanza.

Unasema wenzako hawaondoi kitu. Kiti kikilia wanaacha, mtu akivuta pumzi wanaacha, ndivyo muziki wenu ulivyo. Tena kikohozi ndicho wanachokipenda zaidi, eti kina uhai. Wao hawajui, kaka. Wewe unajua.

Juzi Shedrack aliufungua tena huo wimbo sebuleni. Tumpe wangu akaacha uji wake, akakimbilia chumbani. "Mama, Anord kaamka!" Akafunua blanketi. Akarudi kuniuliza nimemficha wapi. Ana miaka minne tu, kaka.

Kwa hiyo kabla wimbo haujatoka mwezi ujao, hicho kikohozi kiondolewe. Sauti yangu iacheni, sina neno. Waambie wenzako bila kuzunguka. Wakigoma, wimbo usitoke kabisa.

Ila mkishakikata msikifute. Hatukuwahi kumrekodi Anord siku nyingine. Nitumie mimi peke yangu. Sasa hivi siwezi kukisikiliza, lakini ipo siku nitamtaka mwanangu, na sina pengine pa kumsikia.

Msalimie sana wifi. Mama na baba mdogo Saulo wanakuombea. Mungu akutunze, na hiyo mikono yako ya gitaa.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na sijakukasirikia,
Verediana, mama Tumpe na Anord